Mtoto mwenye macho ya bluu katika nyumba ya macho meusi

Mtoto wa tatu alizaliwa salama, akalia papo hapo, akashika ziwa bila taabu. Siku ya tatu, mchana kweupe, aliyafumbua macho vizuri akiwa amepakatwa na bibi yake mzaa baba. Bibi alimtazama, akamgeuza kidogo kwenye mwanga wa dirisha, akamtazama tena, kisha akamrudisha kwa mama yake bila kutia neno. Macho yalikuwa ya bluu. Wachanga wengi huwa na ukijivu fulani wa ukungu kabla macho hayajatulia, lakini huu haukuwa huo. Ilikuwa bluu safi, inayong'aa, kwenye uso wa maji ya kunde.

Baba ana macho meusi. Mama vilevile. Dada mtu, miaka 10, meusi. Kaka mtu, miaka 7, meusi. Kwa upande wa baba na kwa upande wa mama, hadi kumbukumbu za wazee zinapoishia, hakuna aliyewahi kumtaja ndugu mwenye macho mepesi.

Familia hii nimeiunda mwenyewe, nisije nikaanika ya watu. Dalili zake, hata hivyo, ni zile zile ambazo kliniki hukutana nazo, na maneno yatakayofuata yanajulikana na kila aliyewahi kukaa sebule moja na wakwe.

Kwanza ikasemwa kwamba mtoto "kachukua ujombani". Wajomba wakahesabiwa mmoja mmoja, hakupatikana hata mmoja wa kumbebesha macho hayo. Halafu mzee mmoja, kwa nia ya kutuliza, akatoa methali: kitanda hakizai haramu. Methali hiyo ina kawaida ya kuziba midomo huku ikithibitisha kile ambacho midomo ilitaka kusema. Mama alielewa. Baba naye alikaa kimya wiki tatu nzima, kisha akauliza swali moja tu: kipimo cha DNA huchukua siku ngapi?

Tuhuma inapofuatwa hadi mwisho

Kabla ya kipimo chochote, hesabu ya kawaida inatosha kuitikisa tuhuma hii, na ajabu ni kwamba hesabu yenyewe ndiyo watu huitumia kutuhumu.

Shuleni tulifundishwa hivi. Kuna jeni moja ya rangi ya macho yenye sura mbili, ya kahawia inayotawala na ya bluu inayojificha. Mtoto hupokea nakala moja kwa baba na moja kwa mama. Akipata walau moja ya kahawia, macho yake ni ya kahawia. Ili yawe ya bluu, lazima nakala zote mbili ziwe za bluu. Wazazi wawili wenye macho meusi wanaweza kila mmoja kuwa amebeba nakala moja ya bluu asiyoijua, na hapo kila mtoto wao ana nafasi 1 kati ya 4 ya kutoka na macho ya bluu. Kanuni hii waliitangaza Charles na Gertrude Davenport, mume na mke, nchini Marekani mwaka 1907, na imekaa kwenye madaftari ya wanafunzi kwa zaidi ya karne moja.

Sasa mlete huyo mwanamume wa kufikirika ambaye sebule nzima inamfikiria na hakuna anayemtaja. Tumpe macho ya bluu. Mama wa mtoto, kama watu wengi wa ukoo usio na macho mepesi, tuseme ana nakala mbili za kahawia. Mtoto atachukua kwa mama nakala ya kahawia, kwa sababu mama hana nyingine ya kutoa. Bluu ya mwanamume itaingia na kujificha. Mtoto atazaliwa na macho meusi.

Yaani, kama huyo mtu angekuwepo kweli, matokeo ya kutarajiwa yangekuwa macho meusi, na bibi angempakata mjukuu wake na kumwimbia.

Ili bluu itokee kwa njia hii, mama mwenyewe lazima awe na nakala iliyojificha. Na ikiwa nakala inaweza kujificha kwa mama vizazi vyote hivyo bila mtu kujua, ni kwa lipi isijifiche kwa baba? Rangi ya macho haiwezi kumkamata mtu hapa. Inachoweza ni kuuliza swali, na swali hilo linawagusa wazazi wote wawili sawasawa.

Niongeze kwamba hata kanuni yenyewe ya akina Davenport ina matobo. Walidhani wazazi wawili wenye macho ya bluu huzaa watoto wa macho ya bluu peke yao, lakini wazazi hao mara nyingine hupata mtoto mwenye macho ya kahawia, na mtoto huyo ni wao. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti uliopima vinasaba vya watu karibu 195,000 ukakuta sehemu 61 za vinasaba zinazochangia rangi ya macho. Jedwali la visanduku vinne linalotumika kuhesabu nafasi hizo ni mazoezi mazuri ya darasani. Kulipeleka kwenye kikao cha ukoo ni kulitwisha mzigo usio wake.

Rangi yenyewe iko wapi

Kiswahili kinasema "macho meusi", lakini mulika macho hayo kwa tochi ya pembeni, karibu, uone. Kilicho cheusi ni mboni tu, tundu la katikati linaloingiza mwanga. Duara linaloizunguka, irisi, ni kahawia iliyoiva, yenye nyuzi nyuzi zilizotandazwa kutoka katikati kwenda pembeni kama miali. Nyuzi hizo ni tabaka la mbele la irisi. Nyuma yake kuna tabaka jingine jembamba ambalo kwa karibu watu wote limejaa melanini, ile rangi ya asili inayoitia giza ngozi, nywele na macho, jeusi tititi, hata kwa wenye macho ya bluu.

Tofauti ya watu iko kwenye tabaka la mbele. Likiwa na melanini nyingi, mwanga unamezwa, macho yanaonekana ya kahawia. Ikiwa kidogo sana, mwanga unaingia kwenye nyuzi zile, miali ya bluu inatawanyika na kurudi nje kuliko miali mingine, na giza la tabaka la nyuma linaifanya ionekane vizuri. Moshi mwembamba ukiutazama mbele ya ukuta mweusi huwa na ubluu kwa sababu hiyo hiyo. Hakuna wino wa bluu ndani ya jicho la mtu yeyote. Kijani na rangi nyingine za kati hutokana na melanini ya kiasi, nyingine yenye umanjano, ikichanganyika na mtawanyiko huo.

Kwa hiyo swali la "bluu imetoka kwa nani" limekaa vibaya tangu mwanzo. Hakuna kitu cha bluu kilichotoka kwa mtu. Swali sahihi ni: kwa nini melanini haipo mbele?

Fundi, ndoo na amri

Hapo ndipo kisa hiki kinapokuwa kitamu, maana majibu ni matatu, na kwa macho ya haraka yote matatu yanaweza kuonekana bluu. Mimi huyafikiria kama kazi ya kupaka ukuta. Kuna mafundi, ambao ni seli za kutengeneza melanini. Kuna ndoo ya rangi, ambayo ni melanini yenyewe. Na kuna amri ya kiasi gani kipakwe.

Katika macho ya bluu ya kawaida, kama ya mamilioni ya watu wenye asili ya Ulaya, mafundi wamefika na idadi yao inakaribiana na ya wenye macho ya kahawia. Wameamriwa tu wapake kidogo. Amri hiyo iko kwenye kromosomu ya 15. Pale kuna jeni iitwayo OCA2, inayohitajika ili melanini itengenezwe kwa wingi, na jirani yake ni HERC2. Ndani ya HERC2 kuna herufi moja ya vinasaba inayofanya kazi kama swichi ya OCA2. Kwa mtu aliyerithi sura fulani ya herufi hiyo kutoka kwa wazazi wote wawili, swichi hushushwa kwenye irisi. Mwaka 2008 watafiti wa Denmark, Australia na Uholanzi, kila kundi kivyake, waliielekeza dunia kwenye sehemu hiyo hiyo. Ile "jeni ya bluu inayojificha" ya mwaka 1907, kwa sehemu kubwa, ni swichi hii.

Katika ualbino, mafundi wapo, ndoo ndiyo tupu au karibu tupu. Seli zimefika mahali pake ila haziwezi kutengeneza melanini ipasavyo, iwe kwenye ngozi, nywele au jicho, pamoja na lile tabaka la nyuma. Inafaa kujua kwamba aina mojawapo kubwa ya ualbino hutokana na hitilafu kwenye OCA2, jeni ile ile. Kwa kukosa melanini hiyo, mtu mwenye ualbino huumizwa na mwanga, macho hucheza cheza, na kuona mbali humpa shida.

Jibu la tatu ndilo lisilosikika sana sebuleni: mafundi hawakufika. Ndoo imejaa, amri ni ya kupaka kahawia iliyoiva, lakini kwenye ukuta hakuna mtu.

Mtoto mchanga mwanzoni kabisa, tumboni, hana seli za melanini machoni wala kwenye ngozi. Seli hizo huzaliwa kwenye ukingo wa kile kitakachokuwa uti wa mgongo na ubongo, kisha husafiri. Zinakwenda kwenye ngozi, kwenye mizizi ya nywele, kwenye tabaka la mbele la irisi, na kwenye sikio la ndani. Sikio nalo nitalirudia. Tabaka la nyuma la irisi halitegemei wasafiri hawa. Lenyewe huota pamoja na jicho. Kwa hiyo msafara ukikwama, tabaka la mbele linabaki tupu na la nyuma linabaki jeusi. Matokeo ni bluu kali kuliko bluu ya kawaida, ndani ya jicho ambalo kwa kawaida linaona vizuri tu.

Kipande cha kahawia

Walipofika kliniki mtoto alikuwa na wiki nne. Muuguzi wa kwanza alikuwa amewaambia wasubiri, macho ya wachanga hubadilika. Ni kweli hubadilika: kwa wengi melanini huongezeka polepole katika mwaka wa kwanza, na kuna wanaoendelea hadi miaka mitatu. Ushauri huo ni mzuri mara nyingi. Safari hii ungewagharimu.

Daktari alizima taa ya juu, akamulika kwa tochi ndogo. Jicho la kushoto lote bluu. Jicho la kulia bluu pia, isipokuwa chini, upande wa puani, ambako palikuwa na kipande cha pembetatu cha kahawia iliyoiva, ncha yake ikielekea kwenye mboni, mipaka yake imekatika kama iliyochorwa kwa rula. Nyumbani hakuna aliyekiona, labda kwa sababu bluu ilikuwa imeshika macho ya kila mtu.

Kipande kile kinasema mengi. Swichi ya HERC2 ikishuka, inashuka kwenye seli zote za irisi. Haiwezi kuacha pembetatu moja. Ualbino nao haubakizi pembetatu. Kipande cha namna hii maana yake ni kwamba mafundi wachache walifika upande mmoja wa jicho moja na wakapaka walichoamriwa. Na walichoamriwa ni kahawia. Kahawia ya baba na mama ilikuwemo ndani ya mtoto muda wote, imeandikwa, inangoja watu wa kuipaka.

Ngozi ya mtoto ilikuwa na rangi yake, nywele nyeusi, macho hayachezi, tochi ilimfanya akunje uso kama mchanga yeyote. Ualbino ukawekwa kando. Kisha daktari akachukua rula ya plastiki.

Alipima umbali wa aina tatu: kutoka kona ya ndani ya jicho moja hadi kona ya ndani ya jingine, kutoka mboni hadi mboni, na kutoka kona ya nje hadi kona ya nje. Namba hizo tatu huingizwa kwenye fomula inayotoa kipimo kiitwacho W. Kikizidi 1.95, maana yake kona za ndani zimesogezwa mbali ingawa macho yenyewe yako mahali pake. Cha mtoto kilizidi. Daktari akainua uso, akamtazama baba, na akaomba ruhusa ya kumpima na yeye.

Milimita 40, 62 na 92. Jibu likatoka 2.24.

Hapa ndipo ninapowaonea huruma wote waliokuwa sebuleni. Mtoto alikuwa amefanana na baba yake kama shilingi kwa ya pili, palepale katikati ya macho, kwenye mzizi wa pua ambao nyumbani kwao huuita pua ya ukoo. Watu walitazama rangi mwezi mzima na umbo likawapita.

"Nywele zako ulianza kunyoa zote lini?" daktari akamuuliza baba.

"Zamani. Miaka 22, 23. Mvi ziliniwahi, daktari."

"Na kwenu kuna asiyesikia?"

"Dada yangu. Yeye ni homa, ya utotoni."

Hali hii inaitwa sindromu ya Waardenburg, kwa jina la Petrus Johannes Waardenburg, daktari wa macho wa Uholanzi aliyeieleza mwaka 1951. Ziko aina kadhaa. Hii yenye kona za macho zilizosogea ni aina ya kwanza, na mwaka 1992 ilijulikana kwamba chanzo chake ni hitilafu kwenye jeni PAX3, kromosomu ya 2, jeni inayoshiriki kuongoza ule msafara wa seli. Hukadiriwa kumpata takriban mtu 1 kati ya 42,000. Dalili hutawanyika ovyo ndani ya ukoo mmoja: huyu macho ya bluu, yule shungi jeupe juu ya paji la uso, mwingine mvi kabla ya miaka 30, mwingine nyusi zilizokutana na pua pana juu basi. Jeni ni ile ile, hitilafu ni ile ile. Kwa mmoja mafundi wengi walifika, kwa mwingine wachache.

Na urithi wake hauhitaji nakala mbili. Moja inatosha. Mzazi aliye nayo humpa kila mtoto kwa nafasi 1 kati ya 2, awe amemzaa kwanza au mwisho.

Sikio

Baba alirudia swali lake la DNA. Daktari hakulipuuza. Alimwambia kipimo cha kujua baba wa mtoto kipo na wakitaka kitafanyika, ila hakitamwambia kama mtoto anasikia. Kisha akamgeukia mama.

"Mama, mtoto akilala, mlango ukibamizwa, anaamka?"

"Anashtuka sana, daktari. Anarusha mikono."

"Akiwa amelala wapi?"

Mama akafikiri. "Kitandani." Akanyamaza, kisha akasema taratibu, "Akiwa kifuani kwangu haamki."

Kitanda hutikisika mlango unapobamizwa. Kifua cha mama hakitikisiki.

Nilisema seli za melanini husafiri hadi kwenye sikio la ndani. Watu wengi hushangaa: gizani kule, rangi ya nini? Ndani ya koklea, ile konokono ndogo inayogeuza sauti kuwa ishara za neva, kuna ukanda mwembamba wenye mishipa ya damu unaofanya kazi kama betri. Ukanda huo hudumisha umeme wa karibu milivolti 80 kwenye majimaji yanayozunguka seli za usikivu, na seli za melanini ni sehemu ya betri hiyo. Zisipofika, betri haichaji, na sikio lililoumbika vizuri kwa nje linabaki bubu. Darwin aliandika mwaka 1859 kwamba paka wenye macho ya bluu daima ni viziwi; baadaye alirekebisha, akasema ni paka weupe wenye macho ya bluu, na kwa kawaida tu. Hakujua ni kwa nini. Sababu ni ya ukoo mmoja na hii.

Kwa mtoto yule kizibo laini kilitiwa sikioni, kikatoa milio midogo. Sikio lenye afya hurudisha mwangwi hafifu ambao mashine huunasa. Kulia hakukurudi kitu. Kushoto hakukurudi kitu. Wiki iliyofuata, akiwa usingizini, vibandiko vilivyounganishwa na nyaya viliwekwa kichwani ili kuona kama ubongo unapokea sauti. Sauti iliongezwa hatua kwa hatua hadi mwisho wa mashine. Mstari kwenye skrini ulibaki tambarare.

Watu wazima ndani ya chumba walilia, wengine kwa sababu zaidi ya moja.

Upande huu wa kitabibu una ratiba inayojulikana: masikio yachunguzwe kabla ya mwezi wa kwanza kwisha, jibu kamili lipatikane kabla ya miezi mitatu, msaada uanze kabla ya miezi sita. Sababu ni kwamba ubongo wa mtoto huanza kushona lugha mapema mno, na lugha hiyo inaweza kuingia kwa sikio au kwa macho, mradi iingie. Shimesikio, kifaa cha kukuza sauti, hujaribiwa. Kwa usikivu uliokosekana kabisa, kipandikizi cha koklea ni njia mojawapo, kwa kawaida karibu na kutimiza mwaka mmoja, na watoto wenye hali hii mara nyingi hufaidika nacho kwa kuwa neva yao ya usikivu huwa nzima. Lugha ya alama haihitaji kungoja mwaka, inaanza leo. Kwa nyumba hii, shangazi aliyesemwa kwa miaka 30 kwamba homa ndiyo iliyomziba masikio akawa ndiye mtu pekee anayejua jinsi ya kuzungumza na mtoto.

Kama macho yale yangekuwa meusi, mama angeendelea kuamini mikono inayorushwa kitandani. Pengine hadi mwaka wa pili, mtoto asipotamka kitu.

Bibi alikuja kliniki mara ya tatu. Hakuomba radhi mbele ya watu, na mkaza mwana wake hakumngoja aombe. Alitoa kwenye mkoba picha ya zamani ya rangi mbili, kona moja imeliwa. Marehemu mume wake, kijana, amesimama wima. Juu ya paji la uso kuna shungi jeupe. "Siku zote tulisema ni taa ya mpiga picha," akasema.

Kipimo cha damu kilithibitisha hitilafu moja kwenye PAX3, kwa mtoto na kwa baba. Kipimo kingine, kile cha siku ngapi, hakikuitishwa tena.

Kwa utaratibu, ndugu wa mtoto nao walichunguzwa. Dada wa miaka 10: umbali wa kona za macho wa kawaida, masikio mazima, hitilafu haipo. Hatawapa watoto wake asichokuwa nacho.

Kaka wa miaka 7 alikaa kwenye kiti akining'iniza miguu. Rula ikapita juu ya pua yake na W yake ikavuka 1.95. Mwalimu wake alikuwa amelalamika mara mbili kwamba hasikilizi akiitwa kutoka upande wa dirisha, na nyumbani huweka simu sikio la kushoto hata akiishika kwa mkono wa kulia. Alivalishwa spika za masikioni, akaambiwa ainue mkono kila asikiapo mlio. Kushoto aliinua kila mara. Kulia alikaa akimtazama mpimaji, akingoja mchezo uanze, kwa macho meusi kama ya baba yake.